Probably ya Maftah

Sokoni Tarime, Maftah alikanyaga pindo la baibui la Ikram, likachanika. Hakuomba radhi kwanza. Alichomoa sindano kwenye kola, akapiga goti matopeni akalishona. Alikuwa fundi cherehani wa Turwa kabla dhahabu haijamtia wazimu kama wenzake. Sasa alishuka duarani, kwenye shimo la wachimbaji, shati la drafti limekolea vumbi. Ikram, mwalimu wa Kiingereza kutoka Tanga, alicheka mpaka akapendwa.

Jioni alimfundisha Kiingereza kwa simu. Perhaps ni ya mtu asiyejua. Probably ni ya anayeelekea kwenye ndiyo, ila mlango hajaufunga. Certainly ni ya aliyekwisha kuufunga. Maftah alimtania kwamba atayatumia yote kwake.

Kisha Faridu, kaka yake Ikram, akaja kutoka Tanga na mchumba mkononi. Alimpa dada yake mpaka Alhamisi: kama ana mwanamume, amtaje, kama hana, nikaha ni Ijumaa baada ya swala. Alhamisi Ikram akampigia Maftah simu. Alikuwa kwenye mdomo wa duara, kamba kiunoni tayari.

"Kesho alasiri utakuja na watu wako kunioa?"

"Nitakuja, mpenzi. Probably."

"Nataka uhakika, Maftah."

"Probably, mwalimu wangu. Kwa sasa usiniulize zaidi."

Ikram alijiuliza. Mlango haujafungwa hata kwa mke? Akazima simu, akamwambia kaka yake hakuna mtu.

Ijumaa alasiri, masinia ya pilau ya nikaha yakiwa bado uani, Maftah aliingia na kanzu aliyoishona mwenyewe, shangazi yake nyuma, pamoja na mchimbaji mwenzake, Mniko. Aliona hina mikononi mwa Ikram. Mniko ndiye aliyeeleza. Mchimbaji akishafunga kamba haahidi kitu kwa uhakika, hata chakula cha jioni. Kwao anayeahidi hatoki shimoni. Wote husema labda. Maftah peke yake alitafuta neno lililo karibu zaidi na ndiyo, wenzake wakamgombeza kwamba anajichimbia kaburi.

Masikini Ikram! Uzito wa kila neno aliujua, na hakuuliza mpenzi wake amesimama wapi. Machozi yakamtoka mbele ya wageni wa mumewe.

"Ungenioa kweli?" akamuuliza.

Kiunoni pa Maftah hapakuwa na kamba.

"Certainly," akasema, akamshika shangazi yake mkono, wakaondoka.