Wakili wa Yule Mama

Kwenye kanda ile, baada ya sauti ya Bwana Kesler, mtu alikohoa. Mahbuba alirudisha nyuma akasikiliza tena. Kikohozi kilikuwa cha mwanamke, na katika ofisi nzima ya mawakili wale wa Kimarekani pale mtaa wa Ghubra, mwanamke alikuwa yeye peke yake.

Kazi yake ilikuwa nyepesi. Kesler alisemea barua zake kwenye kanda, naye alizipiga taipu wakati wa mapumziko ya mchana, wenzake wakiwa wamekwenda kula. Ulikuwa mwaka tisini na sita. Kesler alikuwa mcheshi, lakini mdomo wake haukuwa na breki. Jumatatu ile alisimama jikoni mwa ofisi akajigamba kwamba kwao mtu akiunguzwa na kahawa ya dukani hupata wakili siku hiyohiyo, na wakili mwenyewe huonekana kwenye televisheni kama mcheza sinema.

"Kwetu hata shetani ana haki ya wakili," alisema. "Akija kwangu, namtetea."

Mahbuba alicheka mpaka akatokwa na machozi, na huku anacheka akamwaga maji ya moto yaliyobaki kwenye birika ndani ya sinki. Hakusema bismillahi. Tangu utotoni mama yake, Bi Sayyida, alimfundisha kuitaja kwanza, ili majini waliokaa huko chini wapishe. Siku hiyo alisahau kabisa.

Sasa kanda iliendelea, kwa sauti ya Kesler, polepole, kama mtu anayesomeshwa.

"Kwa Bibi Mahbuba. Mteja wangu ni mama. Jumatatu, katika jiko la ofisi hii, ulimuunguza mwanawe akafa. Hataki fedha. Anataka mtoto kwa mtoto. Una siku tatu."

Mahbuba alikuwa na mtoto mmoja tu, Aya, wa miaka saba. Harufu ya nywele zilizoungua ilitoka kwenye mashine. Alimkimbilia Kesler, aliyekuwa amebaki chumbani mwake, akamleta kwenye mashine na kumvisha visikilizio. Kesler alisikia maji yakichemka, basi.

"Leo sijasemea barua yoyote," alisema, na safari hii hakutania.

Jioni Mahbuba alikwenda Mawaleh kwa Mwalimu Harub, msomaji wa watu walioingiliwa na majini.

"Jini mwenye hasira nnajua kusema naye," Harub alinong'ona. "Huyu kaja na wakili, mwanangu. Nnaogopa. Andika kwa wino wa zafarani umuombe radhi, uoshe khati kwa marashi, umwage palepale ulipomuunguza mwanawe. Na bismillahi usiisahau tena."

Mahbuba akaandika. Neno la radhi pekee lingetosha, lakini hofu haina kiasi, na mkono wake ukaongeza mstari ambao hakuna aliyemwambia auandike, akiwaza dhahabu zake za harusi na mbuzi wa sadaka na chochote kingine ambacho jini angeweza kukitamani, ilimradi amwachie mwanawe: Kitakachokuridhisha nyumbani kwangu, chukua. Siku ya tatu mchana, ofisi ikiwa tupu, alitaja bismillahi mara saba, akaiosha ile karatasi kwa marashi kwenye sinki mpaka maandishi yote yakayeyuka na karatasi ikararuka na kuteremka shimoni, na alipoinua uso akasikia, kule kwenye meza yake, kanda ikianza kuzunguka bila kuguswa.

"Tumepokea barua yako," ilisema sauti ya Kesler. "Umekiri kosa kwa mkono wako. Mteja wangu amekubali ulichompa."

Simu ikalia. Alikuwa Bi Sayyida, kutoka nyumbani Mabela.

"Mahbuba, yule mama uliyemtuma keshakwenda na Aya."

"Mama gani? Mimi sijamtuma mtu!"

"Kanipa karatasi, imelowa chapachapa, ya zafarani. Nikaona khati yako. Nnatafuta miwani, mtoto kashamshika mkono, washatoka. Wallahi nimechungulia njiani, sikuona mtu." Karatasi ikasikika ikikunjuliwa. "Ndiyo nnaisoma sasa hivi. Mwanangu, umeandika nini hapa?"