Marisela na Dhoruba ya Jua

Asubuhi ya mazoezi makubwa, Marisela Trujillo aliwaamsha watu wa nyumbani kwa kuimba. Mumewe, Dale, alikuwa akikaanga mayai. Mama yake, Eufemia, aliyekuja Houston kuwatembelea, alikuwa akipasha moto chapati za mahindi.

"Leo mtaniona nikitembea mwezini," Marisela alisema.

"Mwezini wapi? Si ule ukumbi uliojazwa mchanga?" Dale alimtania.

"Cheka tu. Mwakani nitakuwa juu kweli, nikikutazama unavyounguza mayai."

Mchana, Dale na Eufemia walikaa nyuma ya kioo cha ukumbi. Marisela na mwenzake, Wendell, walivaa suti nzito za wanaanga. Marisela ndiye aliyekuwa kiongozi. Walichimba mawe mbali na mfano wa chombo chao cha anga, na kuyapakia kwenye kigari chao.

Mara redio ikalia. Aliyesema ni Opal Thibodeaux, mtaalamu wa mionzi.

"Jua limelipuka. Dhoruba ya mionzi inakuja. Rudini chomboni sasa hivi."

"Kamanda, twende," Wendell alisema.

"Ngoja kidogo. Jiwe hili ni zuri mno, siliachi."

Hicho kidogo kikawa kirefu. Walipoanza kurudi, Marisela alifuata njia iliyoonyeshwa na kompyuta ya kigari.

"Sisi hatukuja kwa huku," Wendell alisema. "Nyayo zetu zile pale."

"Kompyuta haikosei. Nifuate."

Wakapotea kati ya vilima vya mchanga. Redio ikalia tena.

"Basi, tuishie hapo," Opal alisema taratibu. "Dhoruba imewakuta nje. Tuseme Wendell ameanza kutapika. Ingekuwa kweli, sijui kama tungemrudisha mzima."

Marisela aligeuka. Nyuma ya kioo mama yake alikuwa amesimama, mkono mdomoni. Marisela alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jioni alijifungia chumbani. Opal na Wendell walikuwa wamealikwa chakula, nao wakaja. Wendell aligonga mlango.

"Kamanda, toka! Mgonjwa wako ana njaa, na kutapika kumeisha."

Marisela alitoka, lakini hakuweza kumtazama usoni.

"Nisamehe. Nimekuuza kwa jiwe."

"Tena kwa bei ya kutupa," Wendell alisema. Dale alicheka. Eufemia hakucheka.

"Kwani hizo suti nene hazizuii kitu?" aliuliza.

"Hazitoshi, mama," Opal alijibu. "Hapa duniani tunakingwa na hewa iliyo juu yetu, na nguvu ya sumaku ya dunia. Mwezini hakuna kinga hiyo. Jua likilipuka, hurusha chembe ndogo mno, zinazopenya suti hadi mwilini. Huzioni, wala huzihisi. Zikikupata nyingi kwa mara moja, unatapika, na mwili unashindwa kutengeneza damu. Hata zikiingia kidogo kidogo, huongeza hatari ya saratani."

"Na ile kompyuta?" Marisela aliuliza, macho kwenye sahani.

"Tuliivuruga makusudi. Chembe ikigonga kompyuta, inaweza kugeuza tarakimu moja ndani yake. Kompyuta haizimi. Inaendelea kuwaka na kukudanganya. Ndiyo maana chomboni tunaweka tatu, zote zifanye hesabu ileile. Moja ikipingana na mbili, tunazisikiliza mbili. Kigari kina moja tu. Wendell alikuwa ya pili. Nyayo zilikuwa ya tatu. Hukuwasikiliza."

Marisela alisukuma sahani. Machozi yakamtoka mbele ya wote.

Wiki iliyofuata walirudia. Redio ilipolia, Marisela aliangusha nyundo palepale. Kompyuta ilionyesha kushoto. Alimwuliza Wendell, akatazama nyayo, akaenda kulia. Chomboni walijizungushia mifuko ya maji na ya chakula, wakakaa katikati, magoti yakigusana.

"Huo ndio ukuta wenu," Opal alisema redioni. "Maji huzuia mionzi vizuri. Msitoke mpaka niwaambie."

Mwaka uliofuata walikwenda mwezini kweli, na dhoruba ikaja kweli. Kamera waliyoiacha nje ilikufa. Wao walijificha mapema. Vipimo walivyovaa vilionyesha kuwa mionzi iliyowapata ni kidogo, na wote wawili walirudi wazima.

Siku hizi Marisela anafundisha wanaanga wapya. Siku ya kwanza huwaonyesha video ya mazoezi yale. Wengine hucheka wakiona suti mbili zikizunguka mchangani. Uso wa Marisela huwaka kwa aibu, kila mara kama siku ileile.

"Huyo aliye mbele, anayempoteza mwenzake, ni mimi," husema. "Msigeuze macho. Tazameni mpaka mwisho."