Karatasi ya Hamsini na Mbili

Kila Jumatano, baada ya kengele ya mwisho, Kalamu hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alivuka barabara, akampita fundi viatu na duka la madaftari, akaingia katika jengo la nyaraka alikofanya kazi shangazi yake. Jina la Kalamu alibandikwa na walimu kwa sababu ya mwandiko wake mzuri, na shangazi hakuchoka kumtania mlangoni.

"Kalamu haziruhusiwi humu ndani. Geuka penseli kwanza."

Ilikuwa kweli. Katika chumba cha kusomea wino ulikatazwa, chakula pia, na mtu alinawa mikono na kuikausha kabla ya kugusa chochote. Mwaka ule shangazi alikuwa akipanga majalada ya watu walioachwa huru wakati utumwa ulipopigwa marufuku. Kila mmoja alikuwa na karatasi yake: jina aliloitwa na bwana wake, jina alilopewa na wazazi, umri wa kukisia, alama ya mwilini, na jina la aliyemmiliki. Kalamu, msichana wa miaka kumi na miwili, alinakili maelezo hayo kwenye kadi ili wanaotafuta jamaa zao wasihangaike.

Mmoja wa waliotafuta alikuwa mama mzee, fundi cherehani, ambaye wote pale walimwita Bibi Fundi. Alivaa miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi. Bibi yake, mzaa mama, alikuwa mtumwa utotoni.

"Ncha ya sikio lake la kushoto haikuwepo," alizoea kueleza. "Aliachwa huru akiwa na miaka sita hivi. Jina alilopewa na mama yake alilisahau, akafa akilitafuta. Mimi sitaki kufa vilevile."

Jumatano moja Kalamu alipewa jalada jipya. Alinakili kadi moja baada ya nyingine, mpaka karibu na mwisho penseli yake ikasimama. Mbele ya neno "Mmiliki" liliandikwa jina la babu wa baba yake, na jina la ukoo wao likafuata, herufi kwa herufi. Picha ya mzee huyo ilitundikwa sebuleni kwao. Baba husema kila wageni wanapoitazama, "Huyu hakumdhulumu mtu hata punje."

Joto likampanda usoni. Juma lililopita tu alijigamba shuleni kwamba ukoo wao ni wa waungwana tangu zamani. Sasa aliona neno hilo lilivyokuwa na maana mbili, watu wenye adabu na watu wasio watumwa, na ya pili ilimchoma. Je, wenzake wakiisoma kadi hii? Akageuka. Shangazi alikuwa akizungumza na mgeni mlangoni. Akaitelezesha karatasi ndani ya daftari lake la hesabu.

Alipofika nyumbani alijifungia chumbani na kuisoma yote. "Mtoto wa kike. Umri: miaka sita. Alama: ncha ya sikio la kushoto imekatika."

Aliurudia mstari ule mara tatu. Kisha akaliona jina alilopewa mtoto yule na mama yake, limeandikwa kwa wino uliofifia, akalifunika kwa kiganja kana kwamba linamtazama.

Juma lile alirudisha sahani jikoni zikiwa na chakula. Mama alimgusa paji la uso akidhani ana homa. Kalamu alipanga kuirudisha karatasi kimyakimya Jumatano, kabla ya mtu kujua. Lakini alipoingia chumba cha kusomea, jalada lilikuwa tayari limefunguliwa mezani, Bibi Fundi ameketi mbele yake, na shangazi anahesabu.

"Hamsini na moja," alisema shangazi. "Orodha inasema hamsini na mbili." Akahesabu tena kwa sauti. Hamsini na moja.

Bibi Fundi akavua miwani. "Basi iliyokosekana ndiyo ya bibi yangu. Alizoea kutohesabiwa."

"Jalada hili lilitoka kwa sahihi yangu," alisema shangazi. "Nitamwandikia mkuu wa ofisi leo hii kwamba nimeipoteza mimi."

Kalamu alisogea mezani. Alitoa daftari lake la hesabu, akalifungua, akaiweka karatasi mezani.

"Shangazi hajapoteza kitu. Niliiba mimi. Niliona jina letu, nikaona haya."

Shangazi aliinama, akasoma mpaka mstari wa mwisho. "Si hii peke yake," alisema. "Ziko tatu katika jalada jingine. Niliziona mwaka wangu wa kwanza kazini. Nilizirudisha mahali pake, nikanyamaza miaka kumi na minne."

"Kumbe ni mzee wenu," alisema Bibi Fundi.

"Ndiyo, Bibi," alijibu Kalamu akitazama sakafu. "Ni wetu."

"Sikuja kumtafuta yeye. Nisomee jina la bibi yangu. Miwani hii imechoka."

Kalamu alilisoma. Bibi Fundi akalirudia, kisha akalirudia tena, polepole, kama mtu anayemwita mtoto arudi kutoka michezoni. Alipotulia, alimgeukia Kalamu.

"Juma zima jina hili lililala kwenu, nami nalitafuta. Hilo limeniuma kuliko hata habari za mzee wenu."

"Naomba unisamehe, Bibi."

"Nitakusamehe. Ila si leo."

Kalamu aliinamisha kichwa. Aliona ni haki.

Bibi Fundi alipoondoka na kadi ambayo shangazi alimnakilia jina hilo, shangazi alimwambia Kalamu kwamba hatagusa jalada lolote kwa muhula mzima, na kwamba mkuu ataandikiwa ukweli. Kalamu hakubisha. Wakashuka ngazi pamoja.

"Alilotenda mzee wetu hukulitenda wewe," shangazi alisema. "Lakini karatasi uliificha wewe, na mimi nilificha kwa kunyamaza. Tulitaka kuisitiri aibu yetu, tukamnyima mwenzetu haki yake. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Aibu inayofichwa huleta nyingine, mwanangu. Ikisemwa, angalau aliyeumizwa anajua pa kuanzia. Leo tutamwambia baba yako, mimi na wewe."

Baba alikuwa akisoma gazeti walipoketi mbele yake. Shangazi alianza, Kalamu akamalizia, bila kujipunguzia kosa. Baba alibisha mwanzoni. Alisema huenda ni mtu mwingine mwenye jina hilo. Shangazi akamtajia mtaa, mwaka, na jina la mama wa mzee yule. Baba akalikunja gazeti mara mbili, mara tatu, hata likawa dogo kama bahasha.

"Ni wangapi?" aliuliza.

"Wanne tunaowajua," shangazi alijibu.

Baba akaitazama picha ya mzee yule ukutani.

"Majina yao mnayo?"

Kalamu akaanza na la mtoto wa miaka sita.