Mshindo wa Viatu vya Mbao

Kila jioni, Robi akishateka maji na kumfunga ndama wao mkorofi, alikuwa na kazi moja tu duniani: kucheza. Shule yao iko nje kidogo ya mji wa Isebania, na wanafunzi kumi wa Gredi ya Sita walikuwa wamechaguliwa kucheza ngoma ya Wakuria siku ya wazazi.

Ngoma hiyo haitaki miguu mizembe. Mchezaji huvaa viatu vya mbao, vizito, vyenye kimo cha tofali, kisha hukanyaga pamoja na wenzake kwa mshindo mmoja. Litungu, kinubi kikubwa cha Wakuria, likilia na nyuzi zake nene zikinguruma, hata mzee wa bakora hutikisa bega. Robi alivipenda viatu vyake hadi mama yake akamwuliza kama angelala navyo.

"Tata atakuja kuniona?" Robi aliuliza. Nyumbani kwao baba aliitwa Tata, kama ilivyo kawaida ya Wakuria.

Mama aliendelea kukatakata sukuma wiki. "Muulize mwenyewe."

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Tata, jina lake Mirumbe, alikuwa mwanajeshi kwa miaka mingi. Alirudi nyumbani na mikono yake miwili na miguu yake miwili, majirani wakamshukuru Mungu. Lakini mlango ukibamizwa, aliruka. Usingizi ulimpiga chenga. Litungu lake, lililompatia sifa hadi ng'ambo ya mpaka kule Sirare, Tanzania, sasa lilining'inia ukutani likila vumbi.

Jumamosi moja wanafunzi walifanya mazoezi uani kwa kina Robi, juu ya mbao walizozipanga chini. Mwalimu Joash alihesabu, na miguu yote ikashuka pamoja. Ndiii!

Tata alikuwa akipita na ndoo ya maziwa. Ndoo iliruka huko, maziwa yakamwagika, na kabla ya mtu kupepesa jicho alikuwa amemvuta Robi chini na kumfunika kwa mwili wake.

"Laleni chini! Wote chini!"

Kisha Oliver, mtoto wa Afande Nyangau wa polisi, akaangua kicheko, na wengine wakamfuata. Tata aliinuka, akayatazama maziwa, akaingia ndani. Robi aliona aibu. Halafu akajionea aibu kwa kumwonea baba yake aibu, akalia.

"Mwalimu, mimi natoka kwenye ngoma," alisema wenzake walipoondoka. "Nikicheza namwumiza Tata."

Mwalimu Joash alichuchumaa karibu naye. "Babako ameumia, Robi, na maumivu yake yana tiba. Kwenye kituo cha afya kuna mshauri anaitwa Bi. Eucabeth. Kila Jumatano anakaa na wanajeshi waliostaafu, polisi na watu wa ambulensi, watu walioona mambo mazito kazini. Ngoja kwanza. Usivue viatu."

Robi aliipeleka habari hiyo ndani ikiwa bado moto. Tata alitikisa kichwa.

"Mwanamume hasimulii aliyoyaona vitani. Babu yako alipigana, na hakusimulia."

"Na babu alikuwa analala usiku?"

Swali lilimtoka Robi kabla hajalipima. Mama alishika mdomo. Tata aliliangalia litungu lake ukutani.

"Hapana," alisema. "Hakuwa analala."

Jumatano Tata alikwenda. Akaenda na Jumatano iliyofuata, na nyingine tena. Mwezi ulipokwisha, Bi. Eucabeth aliwaita Robi na Mama waje pamoja na Tata.

"Mwili wa Mzee Mirumbe ulijifunza vitani kwamba mshindo ni hatari," aliwaeleza. "Kule ulimwokoa. Sasa haujaamini kuwa vita vimekwisha, kwa hivyo tunaufundisha polepole. Hatumlazimishi kusimulia. Akishtuka, hukanyaga chini kwa nguvu, hutoa pumzi taratibu, kisha hutaja vitu anavyoviona mbele yake. Kinachomtisha zaidi ni sauti inayomvamia bila yeye kujua inakuja."

Robi alikuwa amekwisha kusimama. "Lakini kwenye ngoma yetu mpiga litungu ndiye anayeamua miguu ishuke lini! Tata akipiga, mshindo utamngoja yeye!"

Bi. Eucabeth alitabasamu. "Wazo zuri. Ila mwenye kuamua ni yeye."

Tata alijikuna kidevu. "Tuanze na miguu mitupu," alisema.

Furaha gani hiyo! Walianza pekupeku kwenye nyasi, wakaja kwa ndala, kisha mchezaji mmoja mwenye viatu vya mbao, kisha wawili. Siku nyingine Tata aliinua mkono na mazoezi yakaisha hapo hapo, na hakuna aliyenung'unika.

Siku ya wazazi uwanja ulifurika. Wachezaji walipanda jukwaa la mbao, na Tata akakaa pembeni na litungu lake. Alipiga. Miguu ikashuka. Ndiii! Akapiga tena. Ndiii! Akina mama wakapiga vigelegele, na Robi alihisi kifua kitampasuka kwa raha.

Ghafla, barabarani, gurudumu la lori lilipasuka. PAA!

Litungu lilinyamaza katikati ya wimbo. Macho ya Tata yakaenda mbali. Wachezaji wote walisimama kama walivyokuwa. Robi alitamani kumkimbilia, lakini alibaki mahali pake.

"Tata!" aliita. "Unaona nini?"

Tata alikanyaga chini. Akatoa pumzi taratibu. "Naona mbao," alisema kwa sauti nzito. "Naona viatu. Naona Oliver ameachama mdomo."

Uwanja mzima ulicheka, Oliver naye akacheka, na Tata mwenyewe akacheka.

"Naona binti yangu," alisema, akazipiga zile nyuzi nene. Miguu yote ikashuka, na vumbi likapaa.

Ngoma ilipokwisha, Afande Nyangau alikuja akiwa amevaa sare, uso umekunjamana. Robi aliingiwa na hofu. Lakini afande aliushika mkono wa Tata na kusema kwa sauti ya chini, "Mzee Mirumbe, hapo kwenu Jumatano, polisi wanakubaliwa? Tangu ile ajali ya lori la mafuta, mimi..."

"Usimalize leo," Tata alisema. "Tutaenda pamoja."

Kisha aliwageukia watoto waliokuwa wamemzunguka. "Mtu akivunjika mguu hupelekwa hospitali, na hakuna anayemcheka. Moyo nao huumia, hasa wa mtu ambaye kazi yake ni kuwaokoa wengine. Kutafuta msaada si woga. Mimi nilikwenda vitani nikiimba, lakini mlango wa Bi. Eucabeth niliupita mara tatu kabla ya kubisha hodi." Akampiga Afande Nyangau begani. "Wewe unaweza kuupita mara moja tu, ndugu yangu. Halafu uingie."