Mapazia ya Nyumba ya Ng'ambo

Nyumba iliyolipiwa haikuwahi kuwapo. Polisi wa ng'ambo walikuwa wamejibu asubuhi hiyo: anwani ile ni uwanja wa kuegesha magari.

Mbele ya Inspekta aliketi mjane, mshonaji wa mapazia, mfuko mkubwa miguuni. Alitaka kuhamia karibu na binti yake wa pekee, aliyeishi huko ng'ambo.

"Ulimlipa nani, mama?"

"Mdogo wangu, afande. Bei kwanza. Kisha kodi, ada ya mwanasheria, gharama za kubadilisha fedha. Kila nikidhani nimemaliza, linazuka jingine."

"Anadai alitapeliwa na dalali wa huko."

"Namwamini. Ni damu yangu. Kila alfajiri namwombea yeye kabla ya kujiombea mwenyewe."

Inspekta aliinamisha kichwa. "Mfukoni mna nini?"

"Mapazia ya nyumba hiyo. Alinipa vipimo vya madirisha."

"Nyumba isiyokuwapo hupimwaje madirisha, mama?"

Mjane aliuvuta mfuko karibu naye.

Mchana walibisha hodi kwa mdogo mtu. Mtaani walimwita Bwana Ng'ambo, kwa kuyasifia ya huko. Nyumba ilinukia rangi mpya.

"Karibu, dada! Afande, dalali mmemnasa?"

"Tunamkaribia. Nyumba nzuri. Yako?"

"Yangu wapi! Nimepanga tu."

"Mbona haina mapazia?"

"Mwenye nyumba bahili, afande. Mkono wa birika!"

"Mama, hebu tundika yako."

Pazia jembamba lilienea dirisha la ngazini, halikuzidi wala kupungua. Lile pana likajaa sebuleni. La tatu nalo likaenea sawasawa.

"Madirisha hufanana, afande..." mdogo mtu alisema.

"Mwenye nyumba ni nani? Nimpigie simu sasa hivi."

Bwana Ng'ambo akaketi sakafuni. "Hakuna dalali. Dada aliposisitiza apewe vipimo, nikapima madirisha haya. Nilijenga kwa pesa zake."

"Ungeniomba, ningekupa," dada alisema.

"Ndiyo maana! Tangu utotoni naomba, napewa. Karo, wewe. Hata suti ya harusi ulinishonea wewe. Nilitaka kitu kimoja ambacho watu hawatasema, 'Kapewa na dada yake.'"

"Na wajukuu zangu? Wameshanitandikia kitanda."

Pingu zikalia.

Nje, majirani walikuwa wamesogea madirishani, shingo ndefu. Dada alimtazama mdogo wake. Kisha akavuta pazia moja baada ya jingine, pasibaki jicho la kumwona.

"Mtoeni kwa mlango wa nyuma," alisema, na humo gizani ndipo alipolia.