Igizo Lililokatizwa Ushirombo

Baada ya onyesho la Sabasaba, Limi aliacha ubishi. Hilo ndilo lililoanza kumsumbua mama yake, Febronia, maana mtoto yule alikuwa na mdomo tangu anaota meno. Sasa akitumwa anakwenda, akiitwa anakuja, na nguo zake zinanuka ugoro.

Febronia ndiye aliyeanzisha kikundi cha maigizo cha watoto pale Ushirombo, mwaka 1971, katika ghala la pamba lisilotumika. Mwaka huu wa tatu walicheza tambiko. Ilipangwa Limi apandwe na mzimu wa babu, kisha wenzake wamuage babu kwa kumnyunyizia maji ya unga wa mtama. Febronia, Mkatoliki asiyekosa misa, aliona jina la kubuni halina ladha, akaweka la Maganga, babu halisi wa marehemu mumewe. Watoto wakamwita kwa ngoma. Lakini mgeni rasmi alichelewa, akafika igizo likiwa katikati, akahutubia mpaka watu wakapiga miayo, na sehemu ya kuaga ikakatwa. Kila mtu pale alijua kwamba mzimu ukishaitwa kwa jina lazima uagwe. Ila nani angedhani utaitikia mwito wa watoto wanaoigiza?

Wiki iliyofuata, katikati ya mazoezi, sauti ilitoka jukwaani pasipo na mtu. "Mama." Ilikuwa sauti ya Limi kabisa, na Limi alikuwa nyumbani akichambua maharage. Watoto walitimua mbio, na wazazi wakawakataza kurudi.

Febronia akamwendea mganga, mzee Masele.

"Ni jini, linamwiga mwanao," Masele alinong'ona. "Likikuita usiitike. Ukiitika, litakufuata mpaka nyumbani."

"Lifukuze, mzee. Sina mtoto mwingine."

Walifunga milango ya ghala mchana kweupe. Masele akachoma dawa zake, moshi ukatanda mpaka kwenye mabati, na kadiri ulivyozidi ndivyo sauti ile ilivyozidi kulia, ikihama kutoka jukwaani hadi kwenye magunia na kutoka kwenye magunia hadi miguuni pa Febronia, ikisema Mama ni mimi, Mama mwambie aache, Mama kuna giza, naye amejiziba mdomo kwa kanga, machozi yanamtiririka, asiitike, asiitike, mpaka sauti ikawa nyembamba, ikawa pumzi, ikaisha.

"Limekwenda," alisema Masele. "Halirudi tena."

Febronia alikwenda nyumbani mbiombio, moyo mweupe, akitaka tu kumkumbatia mwanawe. Limi alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, akinusa ugoro.

"Limi, mwanangu, yamekwisha," alisema.

Mtoto alimtazama taratibu, kisha akajibu kwa sauti nzito ya mzee.

"Ahsante, mkwe. Alikuwa ananisumbua sana, anataka kurudi ndani."