Lengalenga za Wifi Bamurange

Nilikwenda mji wa Buffalo kuchukua ndoo yangu. Basi. Sikwenda kutafuta wachawi.

Ndani ya ndoo ile kulikuwa na udongo, na ndani ya udongo kitovu cha mjukuu wangu Kwizera. Baba yake, Revokatus, ni mwanajeshi, na binti yangu Joselyne anamfuata popote anapopelekwa. Juzi Korea, sasa Ujerumani. Mtoto alizaliwa huko, na kitovu kilipokatika Joselyne alikifunga kwenye pamba akanitumia kwa posta. "Mama, sisi ni wa kambi hadi kambi tu. Kizike huko kwako, mtoto naye awe na kwao."

Kwangu wapi? Nyumba ya kupanga, hapa mtaa wa Beechmont, na mwenye nyumba hataki hata uchimbe shimo la kupandia ua. Nikakizika kwenye ndoo. Baadaye kazi ya bohari ikanipeleka Columbus kwa muda, kulala chumba kimoja na watu, ndipo wifi yangu Bamurange, dada wa marehemu mume wangu, akasema nimpe yeye akakae nayo Buffalo. "Ni damu ya kaka yangu, nitaitunza." Yeye hakujaliwa mtoto. Niliona anajifariji, nikampa.

Mtoto akaanza kutapika. Kila usiku wa manane, Joselyne aliniambia kwenye simu, anaamka akilia, anatapika udongo. Udongo mweusi, na mtoto mwenyewe hata kutambaa hajui. Madaktari wa kambi wamempima mpaka wamechoka. Amebaki mifupa.

Nilikuwa nimesharudi Beechmont; nikawasha gari. Columbus nilipita bila hata kushuka kunywa chai.

Giza lilikuwa linaingia nilipofika mtaani kwake, Riverside. Bamurange alifungua mlango, na harufu ikanipokea kabla yake... Maziwa. Maziwa yaliyochacha.

"Karibu wifi. Kaa ule kwanza."

Njaa ya safari haina adabu. Nikakaa. Ugali, na lengalenga zilizopikwa kwa mawese. Zilikuwa tamu, sijapata kuonja mboga za namna ile, nikaomba niongezewe. Yeye alikuwa anakula kwa mikono miwili, mafuta yanamchuruzika mpaka kwenye viwiko, na kila akimeza anafumba macho.

Ndipo nikaliona gauni lake. Limelowa kifuani, madoa mawili ya duara.

Yalikuwa yanapanuka.

Mwanamke wa miaka sitini na kitu, ambaye hajawahi kuzaa.

"Bamurange... hizi mboga umenunua wapi?"

Akaniinamia, akanong'ona. "Ni zetu. Zimeota zenyewe kwenye ndoo. Nakula kila jioni."

Kila jioni. Na jioni ya Buffalo, kwa Joselyne ni usiku wa manane.

Simu yangu ikaanza kuita ndani ya mkoba.

Nilikimbilia sinki nikatapika. Zilitoka lengalenga, na katikati yake nywele. Nywele laini, za mtoto mchanga. Nikatapika tena kwa kuziona.

"Usimwage," Bamurange alisema nyuma yangu. "Bado ni nzuri."

Ndoo ilikuwa dirishani. Nikang'oa mashina yote, nikatumbukiza mkono. Kitovu nilikizika kikavu, kimesinyaa. Sasa kilikuwa kibichi, kinateleza, na kina joto. Nilikifunga kwenye kitambaa, nikatoka bila kuaga.

Sasa kiko kwangu Beechmont, ndoo mpya, udongo mpya. Mtoto alitulia, akaanza kunyonya, akanenepa. Bamurange hapokei simu. Sijui kama ni mchawi au ni mtu tu aliyezidiwa na hamu ya mtoto. Labda hata yeye hajui.

Lengalenga zimeota tena. Mimi sikupanda kitu. Kila asubuhi nazing'oa natupa, nikirudi kutoka kazini zimesimama, nene, na mate yananijaa mdomoni. Nauchukia mdomo wangu.

Jana jioni nilisinzia kidogo kwenye kiti. Nilipozinduka, ndoo ilikuwa na vishina tu. Sufuria ilikuwa jikoni, bado ya moto.

Ninaishi peke yangu.

Ulimi wangu ulikuwa na utamu ule. Gauni langu lilikuwa limelowa kifuani.

Na simu ilikuwa inaita. Joselyne.